AKIBA YA NYUMBANI WAKATI WA MACHAFUKO YA DUNIA

Mtu akaaye Thika au Ruiru asikiapo habari za vita katika nchi za mbali, mara nyingi hudhani kwamba jambo hilo halimhusu. Mizinga ya Ulaya haisikiki Gatuanyaga wala Gatong'ora. Lakini dunia imefungamana kama mkeka: ukindu mmoja ukivutwa, mkeka wote hukunjamana. Basi yafaa kila mwenye nyumba aelewe mambo mawili: kwanza, ni kwa njia gani machafuko ya mbali huufikia mlango wake, na pili, ni matayarisho gani awezayo kuyafanya mapema, pasipo hofu wala fujo.

JINSI VITA VIFIKAVYO NYUMBANI

Mwezi wa Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraini. Nchi hizo mbili zilikuwa zikiiuzia Kenya ngano nyingi, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakuu wa mbolea duniani. Katika mwaka huo mfuko wa mbolea ya kupandia wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ikapita shilingi 200. Mwezi wa Aprili magari yalipanga foleni kwenye vituo vya petroli. Serikali ilitoa ruzuku: mwezi wa Julai unga ukauzwa shilingi 100, na Septemba mbolea ikashushwa hadi shilingi 3,500. Lakini ruzuku ile ya unga ilidumu majuma machache tu, na chungu cha nyumbani hutiwa mekoni kila siku.

Wala jambo hili si geni katika nchi hii. Wakati wa Vita Kuu vya Pili, mvua za 1942 zilikuwa haba, na mahindi yalitakiwa pia kwa ajili ya majeshi. Mwaka 1943 njaa ikaingia nchi ya Wakikuyu, nayo hukumbukwa kwa jina la Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya muhogo, kwa kuwa watu walikula unga wa muhogo mahali pa mahindi waliyoyazoea. Wazee wa zamani walilijua jambo hilo la ukosefu, ndiyo sababu kila boma lilikuwa na ghala lake, limeinuliwa juu ya vigingi ili unyevu wa ardhi usiufikie mtama na mahindi.

HESABU YA CHAKULA

Matayarisho yaanze kwa hesabu. Na tutwae mfano wa nyumba ya watu sita ambayo hutumia gorogoro moja ya mahindi kwa siku, yaani karibu kilo 2. Gunia moja la kilo 90 litawatosha siku 45. Mwenye shamba aliyevuna magunia matano, akiuza yote manne ili alipe karo na madeni, amejibakizia mwezi mmoja na nusu tu wa kula. Ni heri aifanye hesabu hiyo kabla mnunuzi hajafika na lori lake, si baada ya lori kuondoka.

Mtu wa mjini, ambaye huishi katika chumba cha kupanga na kulipwa kwa siku, hana ghala wala gunia. Hata hivyo akiba haimkatai. Akiongeza gorogoro moja kila juma juu ya matumizi yake, baada ya majuma 14 atakuwa na chakula cha siku 14. Madebe mawili safi yenye vifuniko vizuri yatosha, nayo yaweza kukaa chini ya kitanda. Haba na haba hujaza kibaba. Maharagwe, chumvi, mafuta ya kupikia na sukari kidogo vifuate kwa utaratibu huo huo. Na kila kilichonunuliwa kwanza kiliwe kwanza, kisha kipya kiwekwe mahali pake.

Mwenye shamba naye asitegemee mahindi peke yake. Muhogo na viazi vitamu huweza kungoja ardhini mpaka vitakapohitajiwa, na nduma na ndizi hustawi kandokando ya mito. Mazao haya hayahitaji meli wala mbolea ya ng'ambo ili yafike mezani.

AKIBA IWEZAYO KUUA

Wahenga husema kwamba akiba haiozi. Ni kweli kwa akiba iliyowekwa vema. Lakini mahindi mabichi huoza, na katika kuoza huzaa sumukuvu, ambayo huharibu ini la mwanadamu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa Makueni na Kitui, lakini mahindi yenye sumu yalionekana hata katika masoko ya Machakos na Thika. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba watu wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wameweka akiba. Lakini kwa kuogopa njaa na wezi, walivuna mapema na kuyaingiza mahindi nyumbani yakiwa bado na maji.

Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka yakauke kabisa. Ipo njia rahisi ya kuyapima. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi cha robo ya chupa pamoja na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Isiponata, yako tayari kuwekwa. Magunia yasiguse sakafu wala ukuta, bali yawekwe juu ya mbao.

Mahindi yaliyoota ukungu yatupwe. Kuyapika hakuondoi sumu, wala kuyasaga. Tena asipewe ng'ombe, kwa maana sumu hiyo hupita katika maziwa na kuwarudia watoto.

MAJI, MOTO NA FEDHA

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hata siku ya pili. Katika nyumba za ghorofa, mahali ambapo maji hupandishwa kwa pampu, umeme ukikatika muda mrefu mifereji nayo hukauka. Simu nazo huisha nguvu, na fedha zilizomo ndani yake haziwezi kununua hata mkate.

Kwa maji ya kunywa na kupika, lita 5 kwa kila mtu kwa siku ni kipimo cha kufaa. Watu sita kwa siku tatu watahitaji lita 90. Basi mitungi mitano ya lita 20 yatosha, na kubaki kidogo. Mitungi ioshwe, ifunikwe, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Maji ya mto au ya mvua yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa ya dawa hiyo.

Katika habari za moto, uangalifu mkubwa watakiwa. Asiweko mtu wa kuweka petroli ndani ya nyumba kwa kuogopa upungufu. Mvuke wake hushika moto hata kutoka mbali na chombo chenyewe. Makaa ni salama kuyaweka, lakini jiko la makaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini.

Kila nyumba iwe na tochi, kibiriti, dawa za kawaida, vitambaa safi vya kufungia majeraha, na fedha taslimu za kutosha matumizi ya siku chache. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba vitiwe katika mfuko mmoja usiopenya maji, na watu wazima wote wa nyumba wajue mahali ulipo. Hata watoto wafundishwe namba 999 na 112 za kuita msaada.

KUWEKA AKIBA SI KUFICHA

Mwezi wa Machi 2020, habari za mgonjwa wa kwanza wa korona nchini zilipotangazwa, watu wengi walikimbilia madukani. Mwenye gari alilijaza. Kibarua, aliyengoja ujira wa jioni, alikuta rafu zimepungua. Mbio za namna hiyo hupandisha bei kwa wote, hata kwa yule aliyetangulia, kwa sababu kesho yake naye atahitaji kununua tena.

Hii ndiyo tofauti iliyopo kati ya mwenye akiba na mwenye kuficha. Mwenye akiba hununua kidogo kidogo wakati wa wingi, na siku ya shida hukaa nyumbani mwake, akimwachia jirani nafasi dukani. Mwenye kuficha hununua siku ya shida, naye humnyang'anya jirani kilichobaki. Vyama vya akina mama, ambavyo huchanga fedha kila mwezi, vyaweza pia kununua magunia kwa pamoja wakati wa mavuno, bei iwapo chini, na kumkumbuka mjane na mzee asiye na mtu wa kumbebea maji.

Hakuna mwenye nyumba wa Thika au Ruiru awezaye kuvizuia vita vya ng'ambo. Lakini kila mmoja aweza, jioni moja katika kila mwezi, kulifunua debe, kuyakagua mahindi, kubadilisha maji ya mitungi na kuhesabu siku zilizomo. Atakayefanya hivyo, habari mbaya zitakapokuja, atazisikiliza akiwa ameketi.