Majina Yetu Mlangoni mwa Kompyuta



Ndugu zangu, hapa Asiatique wengi wetu hatuna kompyuta binafsi. Moja tunaitumia watu sita au saba. Ukiiwasha tu, kabla hujaandika herufi hata moja, kioo kinaonyesha orodha ya akaunti: jina kamili la dada fulani na picha yake, jina la mweka hazina, jina la msimamizi. Kila apitaye anasoma, na mwenye nia mbaya ameshapata nusu ya anachokitafuta. Imebaki kubahatisha neno la siri.

Je, jambo hili linaihusu dini? Linaihusu. Katika Bukhari na Muslim, Sahl bin Saad (r.a.) anasimulia kisa cha mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.). Mtume alimkemea, akafundisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Tunachojifunza ni kwamba haki ya faragha haingoji mguu uvuke kizingiti; huanzia pale macho yanapofika. Basi mwenye nyumba akiweza kuziba tundu, na alizibe.

Kwenye Windows fanya hivi. Kwanza hakikisha kila mtumiaji anajua jina la akaunti yake lilivyoandikwa, na neno lake la siri.

1. Ingia kwa akaunti ya msimamizi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, kisha kubali.

2. Fuata njia hii: HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System. Hata kama Windows yako ni ya Kifaransa, majina haya hayabadiliki.

3. Fungua dontdisplaylastusername, badilisha 0 iwe 1, kisha zima kompyuta na uiwashe upya.

Sasa kioo hakimtaji mtu. Kila mmoja ataandika jina lake mwenyewe na neno lake la siri.

Kwa wanaotumia Ubuntu, fungua kwa mamlaka ya msimamizi faili lenye jina la mtumiaji ndani ya /var/lib/AccountsService/users, na chini ya [User] weka SystemAccount=true. Akaunti hiyo itatoka kwenye orodha, lakini mwenyewe ataweza kuingia kwa kuandika jina lake.

Tahadhari: pazia si kufuli. Jina limefichwa, mafaili hayajafungwa. Neno la siri dhaifu litabaki dhaifu, na msimamizi bado anaweza kufungua folda za wote. Hapo ndipo penye mtihani. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, na Surat An-Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Anayeshika akaunti ya msimamizi ameshika amana ya wenzake: barua zao, picha zao, hesabu za jumuiya. Uwezo wa kufungua si idhini ya kufungua.

Kwa hiyo nashauri tumchague msimamizi kwa uaminifu wake kabla ya ufundi wake, na wengine wote wapewe akaunti za kawaida. Na anayetaka kujificha ili afanye maovu akumbuke kwamba pazia hili ni la macho ya watu tu.

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera. Wabillahi tawfiq.