Tushone Pamoja: Taulo za Kike za Kufua

Taulo ya kike ya kufua ikitunzwa vizuri hutumika mwaka mzima au zaidi. Kinachoiharibia kazi ni aibu. Binti anayeona haya kuianika huificha chini ya godoro ikiwa mbichi, kisha huivaa na unyevu wake, naye hubaki akiwashwa. Ndiyo maana tunasihi kaya zishone pamoja: jambo lililozungumzwa na mtaa mzima halifichwi tena.

Kuanzisha darasa

Anzeni na watu mlio nao: wanakikoba, majirani, wanafunzi na mwalimu wao wa malezi. Fundi cherehani mmoja anatosha kufundisha. Wasio na cherehani washone kwa mkono, mshono wa karibu karibu. Mwalikeni mhudumu wa afya wa jamii aeleze hedhi huku kazi ikiendelea, maana binti aliyeinamia sindano huuliza yale asiyoweza kuuliza akitazamwa usoni. Penye somo au kungwi, aitwe naye. Kuzungumza na wari ni kazi anayoijua. Akina baba na kaka nao waje, wajue kwamba sabuni na maji ya kufulia taulo ni mahitaji ya nyumba kama unga.

Kushona

1. Fueni kitambaa kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba hunywea.
2. Kateni umbo la urefu wa sentimita 25 hivi, katikati upana wa sentimita 7, lenye mabawa mawili. Ya usiku iwe ndefu zaidi.
3. Juu wekeni flana au pamba laini. Katikati tabaka 3 au 4 za kitambaa kinachonyonya, kama taulo ya kuogea. Chini kitambaa kisichopitisha maji. Msitumie mfuko wa plastiki: huleta joto na michubuko.
4. Shoneni kuzunguka, acheni upenyo, geuzeni, kisha uzibeni. Wekeni vifungo kwenye mabawa ili yafungwe chini ya chupi.

Kila mmoja ajishonee taulo 6 hadi 8, ili nyingine zikauke huku nyingine zikivaliwa.

Kutumia na kutunza

- Nawa mikono kabla na baada ya kubadilisha.
- Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema zaidi damu ikiwa nyingi.
- Loweka kwenye maji baridi. Maji ya moto hugandisha doa. Fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe.
- Anika juani hadi ikauke kabisa. Siku za mvua, anika penye upepo, na usivae yenye unyevu.
- Kila mtu atumie zake, taulo haziazimwi.

Nenda kituo cha afya ukiona

- damu inalowesha taulo kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo;
- hedhi inazidi siku 7;
- muwasho, uchafu wenye harufu mbaya, au homa;
- maumivu yanayokuzuia kwenda shule au kazini;
- kizunguzungu na uchovu usioisha, kwani huenda damu imepungua mwilini.

Mwenye dalili hizi asiende peke yake. Wanadarasa wenzake ndio aliokwisha kuzoea kuzungumza nao mambo haya; mmoja wao amsindikize.