Khofu ya Mama kwa Mtoto Asiyezaliwa

Bibi mmoja, ambaye ndoa yake haijatimiza mwaka, ametuletea suali kwa mkono wa nduguye, nalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Asema kuwa mamake alizika watoto wawili kabla hajamzaa yeye, na kwa hivyo yeye alilelewa kama yai. Hakuachwa kucheza na wenziwe, hakupelekwa pwani, na hata chuoni alisindikizwa mpaka akawa mwari. Sasa mumewe ataka mtoto, naye hukesha akiwaza kuwa atamfunga mwanawe kama alivyofungwa yeye. Atuuliza kama khofu hiyo ni udhaifu wa imani, na kama si kheri asizae kwanza.

Twasema, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu: kumkhofia mtoto si upungufu wa imani. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala naye ataka kuirefusha, kisha husikia mtoto analia, akaifupisha kwa kujua jinsi moyo wa mamake unavyosumbuka. Hakumlaumu mama, sala ya jamaa nzima ilifupishwa kwa ajili yake. Wale wanaume wanaocheka barazani wakisema wanawake ni waoga, na walitie jambo hili akilini.

Wala bibi huyu si wa kwanza kushughulishwa na mtoto ambaye hajamwona. Katika Sura ya Al-Imran, aya ya 35 na ya 36, mke wa Imran aliweka nadhiri juu ya kilichomo tumboni mwake, na alipomzaa Maryamu alimkinga kwa Mwenyezi Mungu yeye na kizazi chake. Yaani alimwombea hata mjukuu ambaye bado hajakuwa. Lakini baada ya dua hiyo hakumfungia mtoto ndani; alimtoa kwa ajili ya ibada, akalelewa na Nabii Zakaria.

Kulinda kuna saa yake, na kuachilia kuna saa yake. Katika hadithi ya Jabir, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume aliamrisha watoto wazuiwe ndani usiku unapoingia, na ikisha kupita saa waachwe. Sisi watu wa miji hii ya pwani twaishika sana nusu ya kwanza: magharibi ikikaribia watoto waitwa mbio, na mlango ukatiwa komeo. Nusu ya pili aghlabu haisomwi, nayo imo katika hadithi ile ile.

Mtazameni Nabii Yaakub. Alimkhofia Yusuf asiliwe na mbwa mwitu, naye akamwacha aende, na yakawa yaliyokuwa. Miaka ikapita, akaombwa nduguye Yusuf. Huyu ni mzazi aliyekwisha kuumwa! Alitaka ahadi kwa wanawe, akawausia wasiingie kwa mlango mmoja bali kwa milango mbali mbali, kisha akawaambia kuwa yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya hukumu ya Mwenyezi Mungu. Alifanya lililo mkononi mwake, akamwachilia mtoto.

Na Bibi Ummu Sulaim alimtoa mwanawe Anas, naye ni wa miaka kama 10, awe mtumishi wa Mtume. Siku moja kijana akachelewa kurudi. Mamake alipomuuliza, akajibu kuwa ametumwa na Mtume katika jambo la siri. Hakumbana, alimuusia asiitoe siri hiyo kwa mtu yeyote. Ni mama wangapi mitaani mwetu wangelala na jawabu kama hilo?

Basi bibi huyu amemshinda mamake kwa jambo moja: mamake alifunga bila kujua kuwa afunga. Twamnasihi akae na mumewe sasa, nyumba ingali kimya, wapatane. Chanjo mtoto apewe kwa wakati wake, kisima kifunikwe, barabarani ashikwe mkono. Lakini chuoni aende na wenziwe, na bahari afundishwe, kwani ni ajabu mtu azaliwe ufukweni akue hajui kuogelea. Tena baba ndiye ampeleke, asimwachie mke khofu yote kisha akamcheka. Ama kuchelewesha uzazi, hilo ni la makubaliano ya wote wawili, na khofu peke yake hatuioni kuwa sababu ya kutosha. Ikiwa yamnyima usingizi na chakula, na aende kwa tabibu bila ya haya. Kutafuta dawa ni katika sunna.

Limebaki la hirizi, kwani aandika kuwa mamake amekwisha kuishona, na mimba yenyewe haijaingia. Hirizi hiyo asimvishe mtoto. Mtume alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, akisema kuwa Nabii Ibrahim aliwakinga kwayo Ismail na Is-haka. Bibi na ajifunze maneno hayo tangu leo, amfundishe na mamake. Na hirizi airudishe kwa adabu, wakiwa wao wawili tu, asimsomee mama hadithi za shirki mbele ya majirani, kwani mikono iliyoishona ndiyo iliyowafunika sanda wale wawili.