CHETI CHAKO KITAANDIKWA JINA LA NANI?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijana wa Bongwe, Ukunda na Diani huanza kutafuta vyuo, na wengi wao hutaka uhandisi. Mzazi huuza mbuzi au nazi ili alipe karo. Swali la kwanza huwa, "Karo ni ngapi?" Ni wachache wanaouliza cheti kitatolewa na nani.

Si kila chuo kinachofundisha kina ruhusa ya kutoa shahada yake. Chuo kisicho na ruhusa hiyo hushirikiana na chuo kikuu, nacho ndicho hutoa shahada. Jambo hili si la aibu. Hebu tutazame mfano wa karibu, ng'ambo ya feri ya Likoni, pale Tudor.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kilianzishwa chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 kikaitwa Mombasa Technical Institute, na 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mwaka 2013 ndipo kilipopata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waona? Hata chuo kikongwe kama hicho kilihitaji mlezi.

Basi kabla ya kulipa hata shilingi, uliza maswali haya:

1. Je, chuo kimesajiliwa? Vyuo vya ufundi husajiliwa na TVETA. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

2. Mtihani ni wa nani, na cheti hutolewa na nani? Kama ni chuo kingine, muulize mlezi mwenyewe kama anamjua huyo mtoto. Picha ukutani si ushahidi.

3. Nikimaliza, nitaandikishwa? Wenye shahada ya uhandisi huandikishwa na Bodi ya Wahandisi, chini ya sheria ya 2011. Mafundi sanifu wana bodi yao, KETRB, chini ya sheria ya 2016. Bila kuandikishwa na Bodi ya Wahandisi, huruhusiwi kujiita mhandisi, hata uwe hodari namna gani.

Ati utaonekana mjuaji? Kuuliza si ujinga. Karo ikishalipwa, mbuzi harudi zizini.