SOMO LA ROBO HII: UDONGO UNAONUNULIWA
Bentonaiti na kemikali nyingine katika visima virefu



Katika profoma za wachimbaji wa visima virefu kuna mstari ambao kamati huwa nyepesi kuukata, nao ni ule unaosema "bentonaiti, mifuko kadhaa". Hoja inayotolewa inaeleweka. Ufipa yote ni udongo, sasa kwa nini tununue udongo uliosafirishwa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam? Wafadhili nao huuliza swali hilo hilo, ila kwa maneno ya upole zaidi. Tumeona ni vema tulijibu kwa kirefu, kwa kuwa mstari huo ukikatwa mahali pasipostahili usharika unaweza kubaki na kisima chenye maji machafu, na ukiachwa bila usimamizi unaweza kubaki na kisima kisichotoa maji ya kutosha, wakati maji yapo.

Bentonaiti ni nini?

Ni udongo wa mfinyanzi ambao kwa sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano yaliyobadilika kwa miaka mingi mno. Jina lake lilitolewa mwaka 1898 kutokana na miamba ya Benton huko Wyoming, Marekani. Marekani bado ni mzalishaji mkubwa, na India nayo huchimba kwa wingi, hasa eneo la Kutch katika jimbo la Gujarat.

Udongo huu umeundwa na vipande vyembamba sana vilivyopangwa kama karatasi. Maji yakiingia kati ya karatasi hizo, udongo huvimba. Bentonaiti ya sodiamu huweza kuvimba zaidi ya mara kumi ya ujazo wake mkavu, lakini ile ya kalsiamu huvimba kidogo tu. Mkulima wa bonde la Rukwa anaijua tabia hii bila kufundishwa, maana udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa masika, una madini ya jamii hiyo hiyo. Hata hivyo udongo wa mbuga una mchanga, mizizi na vijidudu, kwa hiyo haufai kuingizwa kisimani. (Wazee wetu waliojenga malungu, yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, nao hawakuchota udongo wowote tu. Unaovimba na kusinyaa ungewapasukia.)

Uwandani si sawa na bondeni

Hapa ndipo profoma nyingi zinapokosewa. Uwanda wa Ufipa, kuanzia Laela na Mpui hadi Sumbawanga na kuendelea kaskazini, umekaa juu ya miamba migumu ya kale. Chini ya udongo na mwamba uliooza, mchimbaji hutumia nyundo inayoendeshwa kwa hewa yenye mgandamizo, akiongeza maji na sabuni maalumu ya povu ili kupandisha vumbi la mwamba. Shimo katika mwamba mgumu hujisimamia lenyewe. Kwa hiyo profoma ya kisima cha uwandani inayotaja mifuko mingi ya bentonaiti kwa ajili ya kuchimbia yafaa iulizwe maswali.

Bondeni, upande wa Muze, Mtowisa na Ilemba, mambo ni tofauti. Huko kuna mchanga na matope yaliyoletwa na mito na ziwa, na shimo lisilotegemezwa hubomoka mara moja. Mchimbaji huchanganya bentonaiti na maji kupata tope jepesi, ambalo huzungushwa ndani ya shimo wakati wote. Tope hilo hufanya kazi tatu: linasukuma kuta zisianguke, linapandisha uchafu juu, na linaacha utando mwembamba ukutani unaozuia maji ya tope yasipotelee ardhini. Uzito wake hupimwa kwa faneli maalumu. Maji matupu hupita kwa sekunde 26 hivi, na tope la kuchimbia lazima lichukue muda mrefu zaidi. Kabla ya kuchanganya, maji yenye chumvichumvi au asidi hurekebishwa kwa magadi, kemikali ile ile ambayo jirani zetu wa Kenya huivuna katika Ziwa Magadi.

Sasa tatizo. Ule utando uliookoa shimo ndio huo huo unaoziba njia ya maji. Ukiachwa kwa siku nyingi huku mtambo ukisubiri kipuri au dereva akiwa safarini, unaganda. Kisha kisima kinapimwa, kinatoa ndoo chache kwa saa, na kamati inaandikiwa kwamba "eneo halina maji". Kwa hiyo usafishaji wa kisima, yaani kuyasukasuka maji kwa hewa mpaka yatoke meupe, ufanyike mara tu bomba, chujio na kokoto vikishawekwa, na upimaji wa wingi wa maji ufuate baadaye. Msikubali upimaji kabla ya usafishaji. Wachimbaji wengine hutumia polima badala ya bentonaiti, au huchanganya kidogo. Polima huweza kuvunjwa kwa klorini, jambo ambalo ni faida, mradi klorini hiyo itolewe yote kabla watu hawajachota. Dawa za fosfeti za kuyeyushia tope zilitumika sana zamani, lakini mabaki yake hulisha bakteria, hivyo ni afadhali zisiwemo.

Kizibo kisichoonekana

Bentonaiti ambayo haipaswi kukatwa, iwe uwandani au bondeni, ni ile ya kuzibia. Kati ya bomba la kisima na ukuta wa shimo kuna nafasi. Chini hujazwa kokoto kuzunguka chujio, lakini juu yake nafasi ile ikiachwa wazi, au ikijazwa udongo uliotoka shimoni, maji ya mvua kutoka chooni na zizini yatateremka kando ya bomba moja kwa moja hadi kwenye maji ya kunywa. Zege zuri la juu na uzio uliopakwa rangi havizuii jambo hilo. Kinachozuia ni tabaka la bentonaiti juu ya kokoto, kisha simenti hadi karibu na usawa wa ardhi. Kwa kazi hii hutumika vidonge au vipande na si unga, kwa sababu unga ukimiminwa kutoka juu hulowa na kunasa njiani. Vidonge navyo vipewe muda wa kuvimba kabla simenti haijamwagwa. Kizibo kikishafunikwa hakuna atakayekiona tena, kwa hiyo mjumbe mmoja wa kamati awepo siku hiyo, ahesabu mifuko inayofunguliwa na kuandika kina.

Kununua na kupima

Mchimbaji awe na leseni, na kibali cha bodi ya maji ya bonde kipatikane kabla mtambo haujafika. Wataalamu wa RUWASA, wakala ulioanza kazi mwaka 2019, watawaelekeza. Wauzaji wa kemikali za viwandani wanatakiwa na sheria ya mwaka 2003 kusajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, basi ombeni nakala ya usajili. Kwenye mfuko tafuteni alama ya NSF/ANSI 60, inayoonyesha kwamba bidhaa imekaguliwa kwa matumizi ya maji ya kunywa. Alama ya API peke yake inahusu ubora wa uchimbaji wa mafuta na gesi. Haisemi lolote kuhusu kunywa.

Penye shule ya sekondari yenye maabara, mwalimu wa kemia anaweza kuwapimia. Gramu 2 za unga mkavu hunyunyizwa kidogo kidogo katika silinda yenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, na kuachwa hadi kesho yake. Bentonaiti nzuri ya sodiamu hufika mililita 24 au zaidi. Ikibaki mililita 8, mmeuziwa kitu kingine.

Jambo la mwisho linatokana na swali la wafugaji wa kuku. Ni kweli kwamba udongo wa jamii hii hunasa sumukuvu tumboni. Huchanganywa katika vyakula vya mifugo, na huko Ashanti, Ghana, watu wazima waliojitolea walimeza vidonge vyake kwa miezi mitatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha dalili za sumu hiyo mwilini zikipungua. Kwa mkoa unaolima mahindi kama wetu si habari ndogo. Lakini udongo ule ulisafishwa na kupimwa madini mazito kwa kazi hiyo, na hauondoi haja ya kukausha mahindi vizuri. Mifuko ya kisima huweza kuwa na magadi na polima ndani yake. Iliyobaki stoo isichanganywe na pumba. Irudishwe kwa mkandarasi, au iwekwe juu ya mbao mahali pakavu ikisubiri kisima kinachofuata.