Somo la Afya: Rangi Zinazoitambulisha Saratani ya Tezi Dume

Tezi dume ni kiungo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu, kikiuzunguka mrija wa mkojo. Umri unaposogea, tezi hii aghalabu hutanuka pasipo saratani yoyote. Kwa hiyo mkojo unaokatikakatika, au kipimo cha damu cha PSA kilichopanda, si hukumu. Ni sababu ya kuchunguza zaidi. Jibu la uhakika hutoka katika nyama ya tezi yenyewe.

Daktari huchukua vinyama vyembamba kwa sindano maalumu. Maabara huvihifadhi katika formalini, huvizamisha ndani ya nta, kisha huvikata kwa wembamba unaoushinda unywele. Hupakwa rangi mbili: ya zambarau huonyesha viini vya seli, na ya waridi huonyesha sehemu nyingine. Mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini, na mara nyingi hatua hii hutosha.

Hata hivyo, huweza kuonekana vijitezi vichache tu vyenye kutia shaka. Hapo ndipo rangi za utambuzi huhitajika. Kijitezi chenye afya kina matabaka mawili: seli za ndani zitoazo majimaji, na seli za msingi zinazokizunguka mfano wa ua wa nyumba. Saratani ya kawaida ya tezi dume haina ua huo.

Ili kuutafuta, maabara hutumia kingamwili, ambazo kila moja hunata kwenye protini yake maalumu na kuacha rangi mahali iliponata. Kingamwili za p63 na za keratini huonyesha seli za msingi. Ya AMACR huonyesha protini ambayo kwa kawaida huzidi katika seli za saratani. Kijitezi kilichokosa ua lakini kikashika rangi ya AMACR hutiliwa shaka kubwa. Lakini rangi pekee haiamui: vipo vijitezi visivyo na saratani vyenye ua uliokatika, au vinavyoshika rangi ya AMACR. Mtaalamu huzisoma rangi pamoja na umbo la seli.

Mkazi akiambiwa kuwa kinyama chake kimeongezewa vipimo, asidhani kwamba anafichwa jambo. Maabara inaondoa shaka, ili asitibiwe ugonjwa asio nao, wala asiachwe na ugonjwa alio nao.

Lililo muhimu ni kurudi kuchukua majibu, kwa kuwa jibu lililolala kabatini halimponyi mtu. Siku hiyo muulize daktari maswali matatu: Je, saratani imeonekana? Kama ipo, ni ya daraja gani? Hatua inayofuata ni ipi? Zipo saratani za tezi dume zinazokua polepole, ambazo daktari huweza kuzifuatilia kwa vipimo kabla ya matibabu. Na zipo zinazohitaji tiba mapema. Tofauti hiyo haijulikani kwa kukisia nyumbani.