Dondoo muhimu: Unahamia Unguja na Ferrari?

Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba hadi uvunguni, ikala boliti, breki na viunganishi vya umeme. Osha gari kila wiki, uvungu kwanza, kwa maji baridi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, basi yaonje kabla ya kufungua mpira. Usilifunike kwa turubai la plastiki, maana unyevu hunaswa ndani na kutu hunawiri. Tafuta banda lenye hewa, mbali na ufuo. Na usiegeshe chini ya mnazi, hata kivuli kikikuita vipi.

Matuta nayo hayana huruma kwa gari lililoachana na ardhi kwa sentimita 12 hivi. Yapande mshazari, polepole.

Ushuru na usajili ulizia Zanzibar kabla gari halijapakiwa melini. Utaratibu si ule wa Bara.

Mafuta ya injini, chujio na pedi za breki njoo navyo. Ukipanga nyumba ndani ya Mji Mkongwe, gari litalala nje: vichochoro vyake ni vya miguu na vespa.